Mizunguko Minne Hadi Daraja la Kwanza

Kabla hujagusa namba yoyote kwenye hiyo kompyuta, toa mpira uuoshe. Naanza na hilo kwa sababu juzi walikuja vijana wawili hapa kwangu Kasikeu na kompyuta yenye michezo ya zamani, pamoja na mpira wa kuzungusha waliouunda wenyewe. Wakaniambia mpira umekuwa mzito, na kwamba wamepandisha wepesi wake mpaka namba zimewaishia. Niliufungua. Ndani mlikuwa na nywele, mchanga mwekundu na ganda la njugu. Niliukwangua ule uchafu kwenye rola kwa mwiba wa mgunga, nikapangusa kwa spiriti, nikawarudishia. Walinitazama kama watu waliodhulumiwa. Walitaka ugonjwa mkubwa zaidi.

Nyinyi vijana mnapenda namba. Siwalaumu, hata mimi nilizipenda. Nimetengeneza redio mjini Kitui, halafu mashine za michezo kandokando ya barabara ya Mombasa, mwisho nikaingia kwenye kompyuta nikiwa mama mzima mwenye miwani. Sasa nalima ndengu, na nikichoka na ndengu naongea. Kwa hivyo kaeni.

Mpira wenyewe hauna siri. Unakalia rola mbili ndogo, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya mbele na nyuma. Kila rola ina kisahani chenye matundu pembeni, na kisahani hicho kinapita kati ya taa ndogo na jicho. Tundu likipita, jicho linaona mwanga, linahesabu moja. Mashine haiujui mkono wako. Inajua matundu tu. Wepesi ni kuamua kwamba kwa matundu kadhaa, kile kinachotembea kwenye kioo kiende hatua kadhaa. Ukiongeza wepesi, mkono unafanya kazi kidogo na kioo kinafanya nyingi. Ukipunguza, mkono unatoka jasho.

Kulikuwa na taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori la saruji, kijana wa kifua, aliyekuwa akiupiga mpira kofi kwa mikono miwili mpaka kabati la mashine linatikisika. Mdudu wa mchezo aliyekuwa akimwendesha kwenye kioo alikuwa anarudi nyuma na kutumbukia mtoni. Akaenda akitangaza kwamba mashine ya Mtito Andei imerogwa. Nilimwambia, "Haijarogwa. Jicho linahesabu, na wewe unapita kabla halijamaliza. Likipoteza hesabu linakuona kama unarudi." Hakuniamini. Nikamwambia azungushe pole pole, mdudu akaenda mbele. Bado hakuniamini, lakini aliacha kulipiga kabati.

Mashine hiyo ya Mtito Andei ndiyo ninayotaka kuwaambia habari zake.

Ilikuwa kwenye hoteli ya Mama Ndunge, mahali pa chapati na maharagwe ambapo madereva wa malori walisimama kula. Ilitoka kwenye hoteli ya wageni iliyofungwa huko pwani, ikaletwa juu ya magunia ya chumvi. Kabati kubwa la mbao, kioo, na katikati mpira mweupe wa kutosha kiganja. Mchezo ulikuwa mmoja tu: mdudu wa kijani anavuka madaraja saba, kila daraja jembamba kuliko lililopita. Ukiyumba, anaanguka. Siku moja alikuja mzee wa kanisa, amevaa koti, kuchunguza kama ile ni kamari. Ilibidi ajaribu ndipo ajue. Alichunguza mpaka daraja la nne, akaondoka bila kutoa uamuzi, na wiki iliyofuata akarudi kuchunguza tena.

Mimi nilikuwa napita pale kila mwezi kuisafisha. Mara moja nilikuta mpishi ameupaka mpira mafuta ya kukaangia ili uteleze vizuri. Uliteleza kweli, siku mbili. Siku ya tatu siafu walikuwa wamehamia ndani ya kabati. Msicheke, mmoja wenu atalifanya hilo hilo na kuliita ubunifu.

Sasa, mume wa Mama Ndunge aliitwa Muia. Alikuwa ameendesha lori kutoka Mombasa mpaka mpakani kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, akatembea na fimbo. Maneno yakarudi pole pole. Mkono ukabaki. Daktari alimwambia autumie kila siku, akampa kampira ka raba ka kufinya. Muia aliwapa wajukuu. Alisema yeye si mtoto wa nasari.

Lakini ile mashine aliicheza. Aliketi pale mchana, wateja wakipungua, akaweka kiganja cha kulia juu ya mpira mweupe na kuusukuma kwa bega kwanza, halafu kwa kiwiko, halafu kidogo kwa vidole. Hakufika hata mwisho wa daraja la kwanza. Hakuna aliyemwambia ni mazoezi, na nadhani ndiyo maana aliyafanya.

Kisha mvua moja ya mwezi wa kumi na moja ikaja na stima ya kupanda na kushuka, na bodi ya mashine, ndiyo ubongo wake, ikaungua. Niliifungua nikaona weusi kuanzia kona hadi kona. Nilitafuta bodi nyingine Mombasa na Nairobi. Haikuwepo.

Niliporudi baada ya mwezi, Mama Ndunge alinipeleka nyuma jikoni. Mama yule hakuwa mtu wa kulia, alikuwa wa kufokea wapishi. Alisema kwa sauti ya chini, "Fundi, tangu ile kitu ife hajagusa chochote na mkono ule. Anaulaza pajani kama si wake. Vidole viwili vimeanza kujikunja. Daktari anasema vikimaliza kujikunja havitafunguka tena." Akanishika kiwiko. "Tafuta njia. Yoyote."

Njia ilikuwepo, na ilikuwa mpya hata kwangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwalimu mmoja wa kompyuta alikuwa amenionyesha programu inayoigiza mashine za zamani, yaani unaiweka kwenye kompyuta ya kawaida na mchezo unakuja vile vile, madaraja na mdudu na kelele zake. Mama Ndunge akanunua kompyuta iliyotumika kutoka chuo fulani. Nikaking'oa kioo kilichokufa kwenye lile kabati, nikaweka cha kompyuta mahali pake. Nikafungua mausi ya mpira, ile ya zamani, nikaunganisha macho ya mpira mweupe kwenye bodi ya mausi kwa solda, nyaya nane. Kompyuta ikadhani imepewa mausi. Nilijisikia mkubwa sana siku hiyo, nawaambia ukweli.

Nikasafisha kila kitu. Rola, beringi, hata mpira wenyewe nikausugua kwa spiriti ukang'aa.

Halafu nikaketi kupanga wepesi, na hapa ndipo nilipokosea. Jambo la kwanza nililifanya vizuri, lishikeni: kompyuta ina tabia ya kukuongezea. Ukisogeza mausi haraka, inakupeleka mbali zaidi ya ulivyosogeza. Kwa kuandika barua ni sawa, kwa mchezo ni uharibifu, mkono hauwezi kujifunza kitu kinachobadilika. Izime hiyo kwanza. Nilizima. Halafu nikafungua programu, ambako namba ya wepesi ilikuwa mia moja. Nikacheza mimi mwenyewe, mdudu akaenda vizuri. Nikaufikiria ule mkono wa Muia. Nikamhurumia. Nikapandisha mpaka mia moja na kumi na tano, ili asihangaike.

Aliketi. Mama Ndunge alisimama nyuma yake na kijiko mkononi. Muia akaweka kiganja juu ya mpira, akausukuma kwa bega vile alivyozoea, na mdudu akaruka mbele. Akasukuma tena kidogo, mdudu akamaliza daraja la kwanza. Tangu augue hajawahi kulimaliza. Mama Ndunge akapiga kigelegele, wapishi wakatoka jikoni, dereva mmoja akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekunja mikono nikisubiri kushukuriwa.

Muia aliutoa mkono kwenye mpira. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akaurudisha pajani.

"Fundi," akasema. Maneno yake yalikuja moja moja. "Umenisukuma."

Nikasema, "Hapana, baba, ni wewe umevuka."

"Daraja la kwanza ni mizunguko minne. Leo ni mmoja na nusu." Akautazama mpira. "Na alama iko wapi?"

"Alama gani?"

"Nyekundu."

Nikakumbuka. Kwenye mpira kulikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya ndengu. Nililiona miaka yote ile na sikuwahi kuuliza ni la nini. Siku hiyo nililifuta pamoja na mafuta ya chapati.

Muia alisimama, akachukua fimbo, akasema bila hasira, na afadhali angekasirika, "Watu wananikatia nyama. Wananifunga vifungo. Hapa tu ndipo nilikuwa naanguka mwenyewe." Akatoka kwenda kuketi nje, akiangalia malori.

Mama Ndunge aliniwakia. "Unaona? Ulimletea furaha ukaiharibu." Nikamwambia sikuiharibu mimi, nikajua nadanganya. Halafu akasema jambo lililonichoma, "Hatarudi hapo. Namjua. Hatarudi."

Hapa ngojeni kidogo niwarudishe nyuma mpaka Kitui, nilipokuwa msichana.

Nilifundishwa kazi na Mzee Salim, mtu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa Kitui asirudi. Duka lake lilikuwa na redio mpaka darini. Siku moja mfugaji mmoja kutoka Ikutha alileta redio ambayo uzi wa kusogeza sindano ya stesheni ulikuwa umelegea. Nikaweka uzi mpya, nikaisogeza sindano ikasimama kwenye namba sahihi kabisa. Mzee Salim hakuwepo. Yule mfugaji alirudi baada ya siku tatu, ametembea na kupanda gari na kutembea tena, amekasirika mpaka mdomo unatetemeka. Redio yake haishiki tena habari. Nikamwonyesha, inashika, tazama namba. Yeye hakuwa anajua namba. Alikuwa na mkwaruzo kwenye kioo, na stesheni yake ilikaa kwenye mkwaruzo. Mimi nilikuwa nimeihamisha.

Mzee Salim aliingia akatusikiliza. Kisha akaniambia nirudishe sindano mahali pabaya ilipokuwa. Nikasema, "Lakini mwalimu, hapo si sawa." Akajibu, "Binti, hii redio ni ya nani?" Nikairudisha. Nilikuwa na ghadhabu kwa wiki nzima. Nilidhani nimelielewa lile somo kwa sababu nililikumbuka.

Basi siku ile Mtito Andei nilitoka nje nikaketi karibu na Muia. Sikuomba msamaha mara moja, mimi ni mgumu hapo. Nilimuuliza ile alama nyekundu ilikuwa ya nini.

Alinyoosha kidole cha kushoto kwenye lori lililokuwa limesimama mbele yetu. Dereva wake alikuwa anazunguka akiinamia magurudumu. Mnajua madereva wale wana desturi: kwenye kila nati ya gurudumu wanachora mstari wa rangi, unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye rimu. Wakisimama, wanatazama mistari. Mstari ukikatika, nati imelegea. "Sisi hatuamini kitu kinachozunguka bila alama," Muia akasema. Walipoanza kucheza ule mchezo, mmoja wao alimwomba mhudumu wa hoteli rangi ya kucha, akatia doa kwenye mpira ili wahesabu mizunguko. Ndivyo walivyoelekezana, kama mtu anavyoelekezwa njia. Minne la kwanza. Miwili na nusu la pili, ila pinda kushoto. Miaka mingi nilitengeneza mashine ile bila kujua kwamba watu wanaoicheza wanaihesabu.

"Na wewe umejuaje bila alama?" nikauliza.

Aliutazama mkono wake wa kulia pale pajani. "Huu umesahau kijiko. Mizunguko haujasahau."

Halafu nikamwambia nilichopaswa kumwambia tangu asubuhi. "Baba, ile mashine ya zamani imekufa, na sina kitu cha kupimia isipokuwa wewe. Nilikuhurumia nikakosea. Nisaidie niirudishe ilivyokuwa."

Lori likaondoka, lingine likaja. Kisha akasema, "Tafuta rangi ya kucha."

Mhudumu alikuwa nayo, ile ile nyekundu. Nikatia doa. Muia akasema, "Wewe zungusha. Mimi nahesabu." Nikashusha namba mpaka hamsini, nikazungusha mpira pole pole, yeye amekaza macho kwenye doa. Mdudu akafika ng'ambo. "Mitatu na nusu. Bado," akasema. Nikashusha mpaka arobaini. "Minne na kidogo. Umepita." Arobaini na mbili, akatikisa kichwa. Arobaini na tatu. Nikazungusha, mmoja, miwili, mitatu, minne, na doa liliporudi juu mara ya nne mdudu alikuwa anakanyaga ukingo. Tukajaribu daraja la pili, miwili na nusu, sawa. Kulikuwa na dereva mmoja anakula, mtu aliyeicheza sana zamani. Nikamwita ajaribu. Alipangusa mkono kwenye suruali, akazungusha mara mbili tu, akasema, "Hii ndiyo ile," akarudi kwenye maharagwe yake.

Kwa hivyo ndiyo njia yenyewe, vijana. Zima ule uongezaji wa kompyuta. Tia alama kwenye mpira. Mtafute mtu aliyecheza mashine ya kweli, umuulize mizunguko mingapi, halafu shusha na kupandisha mpaka alama na kioo vikubaliane. Zungusha pole pole, halafu haraka kidogo, matokeo yawe yale yale. Andika namba ndani ya kabati. Na unaposafisha mpira, angalia kwanza unafuta nini.

Muia akaketi. Akaweka kiganja. Akasukuma kwa bega, na mdudu akaenda hatua chache, akayumba, akaanguka. Akaanza upya. Akaanguka. Mama Ndunge alihesabu mara sita, kisha akaingia jikoni na tukasikia sufuria zikigongana. Mara ya kumi hivi, nilinyoosha mkono nimsaidie kuweka kidole gumba vizuri.

"Wacha," Muia akasema.

Nikaacha. Alianguka tena, na safari hii mdomo wake ulipinda upande mmoja. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

Nilipokuwa nafunga vifaa vyangu, Mama Ndunge alinivuta kando tena. "Nionyeshe tu mahali pa kubonyeza. Siku akichoka sana, nimwongezee kidogo. Hatajua." Nilisita. Lakini kompyuta ilikuwa yake, na mume alikuwa wake, na mimi siku hiyo sikuwa na haki ya kumfundisha mtu yeyote kuhusu huruma. Nilimwonyesha. Niliondoka na wasiwasi.

Sikupita tena Mtito Andei mpaka mvua za mwaka uliofuata, kwa sababu nilipata kazi ya shule kadhaa upande wa Kitui. Nilifika saa ya chai ya alasiri. Muia alikuwa mbele ya kabati, peke yake. Nilisimama mlangoni. Mkono ulikuwa juu ya mpira, na vidole vile viwili vilikuwa vimelala wazi pamoja na vingine. Doa jekundu likazunguka mara moja. Likasimama, akapumua. Mara ya pili. Mara ya tatu mdudu akayumba, nikashika mlango. Mara ya nne akakanyaga ng'ambo.

Hakugeuka, hakupiga kelele. Alianza daraja la pili akaanguka hapo hapo.

Nawaambia ukweli, furaha yangu ilikuja na shaka. Alipokwenda msalani niliinama upesi nikafungua ile sehemu ya namba. Ilikuwa arobaini na tatu, pale pale nilipoiacha. Nikainua kichwa nikamkuta Mama Ndunge ananitazama, amejishika kiuno.

"Niliongeza mara moja," akasema. "Wiki ile ile ya kwanza. Hakumaliza hata mzunguko mmoja. Aliniita kwa jina langu la kuzaliwa, ambalo hajaliita tangu harusi. Nikairudisha mbio."

Tulicheka mpaka mpishi akatoka kuuliza kuna nini.

Muia alirudi akaketi mezani kwetu. Chupa ya chai ililetwa, na vikombe. Mama Ndunge alinyoosha mkono kuishika chupa, kwa mazoea, kisha akaurudisha akautia chini ya leso yake. Muia aliichukua yeye, kwa mkono wa kulia. Akaiinua. Ilitetemeka, chai ikaanza kutoka, nyingine kwenye kikombe changu, nyingine kwenye sahani, nyingine ikatiririka mezani kuja kwenye sketi yangu. Ilikuwa ya moto. Mikono yangu ilitaka kwenda yenyewe, imekuwa ya fundi tangu nikiwa msichana. Nikaikalia yote miwili, nikangoja amalize kunijazia kikombe.